Upinde Niliokwangua Mgongo

Jumapili, mwisho wa mwezi wa tatu.

Mvua imenyesha tangu watu walipotoka kanisani mpaka saa kumi, sasa imekatika na jua limetoka kana kwamba halikuwa na habari. Nimekaa mlangoni na daftari magotini. Vidole vinaniuma, macho yamevimba. Nataka niandike kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa yamekwisha na duka la kijiji linasema yatakuja, yatakuja.

Leo nimempa Baba upinde.

Wiki saba sijaandika humu, na mtu akilisoma daftari hili siku moja (asilisome, lakini akilisoma) atadhani nilichanganyikiwa. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima, mwanamke wa miaka ishirini na sita, anachonga upinde! Kwa hiyo nianze nyuma kidogo.

Baba hasemi na mimi. Tangu tulipohamishiwa hapa barabarani mwezi wa nane hajanielekezea neno hata moja. Si kwamba amekuwa bubu. Anaongea na Mama, anaongea na majirani, anaongea na mbuzi mpaka mbuzi wanachoka. Mimi ananipitishia habari kwa Mama, hata nikiwa nimepiga magoti mbele yake na birika la maji ya kunawa. "Mwambie karani maji ni ya baridi." Mama ananigeukia: "Karani, baba yako anasema maji ni ya baridi." Nami namjibu Mama, Mama anamjibu Baba, na sote watatu tungeweza kugusana kwa mikono. Mwanzoni mimi na Mama tulikuwa tunakwenda kuchekea jikoni. Kufika Krismasi hatukucheka tena.

Sababu niliijua. Au nilidhani naijua.

Siku ya kuhama lori lilikuja mapema, na ilikuwa zamu ya nyumba nne kupakia. Vitanda, vyungu, kuku wamefungwa miguu, mtama kwenye magunia. Baba akatoka ndani ameshika upinde wake, ule mweusi wa moshi, uliokuwa ukikaa juu ya mlango tangu sijazaliwa. Nikamwambia, tena kwa sauti ya mwalimu: "Baba, huo uache. Kule tunakwenda kujenga shule na zahanati, hatuendi kuwinda." Watu waliokuwa juu ya lori wakacheka. Baba akasimama kidogo, akarudi, akauchomeka tena kwenye nyasi za paa. Wiki ya pili yake nyumba zote zilizoachwa zikachomwa ili mtu asirudi. Moshi tuliuona tukiwa hapa, upande wa Butiama, na Baba alikaa akiutazama mpaka ukaisha.

Nimelala na picha hiyo miezi saba.

Halafu mwezi wa pili mwanzoni akasema neno lililonitoa usingizini kabisa. Alikuwa anakula. "Mwambie karani," alimwambia Mama, "mvua zikiisha mimi narudi kwetu. Nitajenga kibanda pale pale. Wakitaka wanifunge."  Mama hakunipitishia habari hiyo, na hakukuwa na haja. Baba amepita miaka sabini. Kule sasa hakuna mtu, hakuna njia iliyofyekwa, fisi wanatembea mchana. Na mvua zetu zinaisha mwezi wa tano.

Ndipo nikaamua kumtengenezea upinde. Sikuwa na akili nyingine. Nilijiambia, nilichomwachisha ndicho nitakachomrudishia, na mzee atakaa.

Tatizo ni kwamba sijui kuchonga hata mwiko.

Katika darasa langu la jioni, kwenye ghala la pamba, kuna mwanafunzi anaitwa Ndugu Wambura. Ni mtu wa makamo, ukoo wao ni wawindaji wa upande wa mbugani, na ni mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote. Kalamu anaishika kama mpini wa jembe. Karatasi zangu tatu amezitoboa. Nilisubiri wenzake watoke, nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, kwetu mwanamke akiruka upinde, mwenye upinde anarudigi mikono mitupu."

"Sitauruka. Nitauchonga."

Akafikiri. "Hilo sijasikia mtu amekataza," akasema. "Hakuna mwanamke aliyewahi kujaribu, wangelikatazia nini?"

Tukapatana: mimi nimfundishe kuandika jina lake na la mkewe mpaka ayaandike bila kuangalia ubao, yeye anifundishe upinde. Naye alikuwa mwalimu mwenye maneno kuliko mimi. Tulikwenda pamoja bondeni kutafuta mkole, ule mti wa vitunda vitamu ambavyo watoto huvimaliza kabla havijaiva. Kila nilioupenda aliukataa. Huu una kifundo. Huu umejipinda, utakuja kukupinda wewe. Huu ni mchanga mno. Tukapata mmoja ulionyooka, mnene kama mkono wa mtoto, akanipa shoka. Nilipiga mapigo kama ishirini ambapo yeye angepiga manne, na hakunisaidia hata pigo moja.

Ulipaswa kukauka miezi miwili. Nilikuwa na wiki chache. Mama, ambaye aliona malengelenge mikononi mwangu akaelewa kabla sijafungua mdomo, aliuchukua ule mti akauweka darini jikoni kwake, juu ya mafiga, ukaukie moshini. Ndipo mahali salama kuliko pote, kwa kuwa Baba hajawahi kuingia jikoni tangu amwoe. Kila nikienda kusonga ugali nilikuwa nainua macho kuutazama. Mama ananiambia, "Usiuangalie hivyo, haukimbii."

Baadaye nikaanza kuchonga. Kila siku baada ya kisomo, nyuma ya ghala, panga kwanza halafu kisu. Ndugu Wambura alisema kisu nakishika kama kalamu, naogopa kukibonyeza, basi tukawa sare. Alinionyesha kupunguza mti upande wa tumbo, ule unaomwangalia mvutaji, kidogo huku na kidogo kule, halafu kuusimamisha na kuukandamiza taratibu uone kama pande mbili zinajikunja sawa. Hazikujikunja sawa. Upande wa juu ulikuwa mlegevu, wa chini ukakataa kama punda. Nikipunguza chini, juu unaonekana mnene. Nikipunguza juu, chini unakuwa mgumu tena. Siku moja nililia kabisa, nimekaa kwenye vumbi la pamba, na Ndugu Wambura akajifanya anasoma bango la kilimo ukutani. Nikaona midomo yake inatembea. Alikuwa anasoma kweli! Neno zima, "panda," na lililofuata. Nikaacha kulia.

Haya yote ni furaha ambayo sikuitegemea. Nakiri. Nilianza kwa sababu ya hofu, lakini zilikuwapo siku ambazo nilisahau hofu, nikasahau hata Baba, nikabaki na ule mti na vumbi lake la manjano likinianguka mapajani. Nilikuwa nanusa mikono yangu darasani kama mwehu.

Wiki iliyopita Ndugu Wambura alifiwa na shemeji yake huko Manyamanyama, akaondoka kwenda msibani. Alisema nimsubiri, kazi iliyobaki ni ndogo, tutaimaliza pamoja. Mimi sikumsubiri. Tayari Mama alikuwa amenipa kano za ng'ombe, nimezisokota pajani mpaka paja likawaka moto, uzi umepatikana. Upinde ulikuwa unajikunja vizuri kiasi. Kilichonikera kilikuwa mgongo wake, upande wa nje, ambao ulikuwa na vialama na mabonde madogo madogo pale nilipobandua gome. Haukupendeza. Nilikuwa na karatasi mbili za msasa nilizozinunua Musoma nilipokwenda kozi ya ualimu, nimezitunza kwa ajili ya ubao. Jana mchana kutwa nikaupiga mgongo kwa kisu halafu kwa msasa, mpaka ukawa laini kama kikombe. Nikaupaka mafuta ya kondoo. Uling'aa. Niliutazama nikajisifu, peke yangu, kwa sauti.

Leo basi.

Mama alirudi kanisani akiwa amelowa. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake, anatazama mvua ikichimba mifereji kwenye uwanja. Nikautoa upinde ndani umefungwa kwenye kanga, nikapiga magoti, nikamwekea mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yalitoka machache.

"Baba, nisamehe. Nilikuachisha wako. Nimekutengenezea huu."

 Baba akafungua kanga. Akautazama muda mrefu, akaunusa, akaugeuza. Akapitisha kidole gumba mgongoni, kutoka ncha mpaka ncha, na pale katikati kidole kikasimama. Nilidhani ananisifu kimoyomoyo. Akasimama, akakanyaga ncha, akaupinda, akaupachika uzi kwa mkono mmoja kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Mama alikuwa mlangoni, ameshika mdomo. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta. Polepole. Mgongo wake mwenyewe ukanyooka, mabega yakafunguka, na nikamwona mtu ambaye sikuwahi kumwona, maana nilizaliwa akiwa tayari mtu mzima wa kulima.

Ukavutika mpaka kifuani. Ukavutika mpaka kidevuni.

Ukakatika.

Mlio wake ulitisha kuku wote. Kipande kimoja kilirukia mvuani, kingine kikabaki kinaning'inia kwenye uzi, na Baba alikuwa na mchubuko kidevuni unaotoa damu kidogo. Mama akapiga yowe. Mimi nilibaki pale pale chini. Nilitamani mvua inizoe na ule uchafu wa uwanjani inipeleke mtoni. Nilifikiri: basi, amekwenda. Hata mwezi wa tano hatafika.

Baba akaangalia kipande kilichobaki mkononi. Akakileta karibu na macho. Kisha akapaza sauti ambayo majirani wameisikia wote.

"Wakuru!"

Jina langu. Miezi saba sijalisikia kinywani mwake.

"Wakuru, nani amekuambia ukwangue mgongo?"

Mama, kwa mazoea, akanigeukia: "Karani, baba yako anauliza nani..."

"Nimeshamuuliza mwenyewe!" Baba akamkatiza.

Nikasema hakuna aliyeniambia. Nilitaka upendeze.

"Upendeze! Aliyekufundisha ni nani?"

"Ndugu Wambura, Baba. Amekwenda msibani."

"Hukumsubiri umuulize?"

"Sikumsubiri."

"Hukuuliza," akasema, safari hii taratibu. Akakaa. Akafuta kidevu kwa kiganja. "Hukuuliza. Ndivyo ulivyo. Hata siku ile hukuuliza."

Nikadhani anasema habari za lori. Nikaanza tena kuomba msamaha kwa ajili ya upinde wake wa zamani, kwamba nilimwaibisha mbele ya watu, kwamba moshi ule naukumbuka, machozi yananiingia mdomoni. Akanitazama kama mtu anayesikiliza habari za kijiji kingine.

"Upinde? Upinde ule ulikuwa umeliwa na wadudu. Nilikuwaga nautoa nje kuanika tu, watu wasijue. Ningeuvuta ungekatika kama huu wako." Akakigeuza kile kipande mkononi. "Jina langu, Wakuru. Uliandika jina langu."

Sasa niseme ambalo sijawahi kuliandika humu, na nilikuwa na kurasa nyingi za kuliandikia.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa kuandikisha kaya za kuhama. Niliteuliwa kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Watu walikuwa wanasita, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, na mkutano ulikuwa unakwenda vibaya. Usiku wa kuamkia mkutano wa pili niliandika jina la Baba kwenye mstari wa kwanza. Kesho yake nikasimama mbele ya kijiji kizima nikalisoma. Watu walipiga makofi, wakajiandikisha, viongozi wakanipa mkono. Baba alikuwa amekaa nyuma pamoja na wazee wenzake. Sikumtazama. Nilijiambia atafurahi, amekuwa mfano kwa wengine. Sikuliandika humu kwa sababu nilijua. Nilijua siku ile ile, na nikajitafutia upinde wa kujutia kwa sababu ulikuwa rahisi zaidi.

"Nilikuwa nimeshaamua kuhama," Baba akasema. "Mama yako miguu inamuuma, zahanati inakuja huku. Niliamua kabla yenu wote. Nilikuwa nangoja uje uniulize, halafu nisimame mimi mwenyewe niseme ndiyo. Ukanisoma kama ng'ombe mnadani."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema kama mtu anayetua mzigo, na alipokwisha akavuta pumzi, akaniita kwa kidole nisogee.

Nikasogea. Akachukua kidole changu cha shahada akakiweka kwenye mpasuko wa ule mti. Mkono wake una joto, nilikuwa nimesahau. "Unasikia hizi nyuzi? Zinakwenda hivi, toka ncha mpaka ncha. Ukivuta, ndizo zinazoshika. Wewe na msasa wako umezikata zote. Tumboni kwangua unavyotaka. Mgongoni toa gome, halafu toa mkono." Akaugeuza. "Lakini huku tumboni," akasema, na akangoja kidogo ili nisije nikavimba kichwa, "huku tumboni umejitahidi."

Nikalia upya. Mama naye.

Kisha akaanza kupanga, kwa sauti ya kazi, kama zamani tulipokuwa tunapanga mistari ya pamba. Mkole mzuri hauko bondeni, uko nyuma ya vilima, anajua mahali. Tutakwenda tukipata siku kavu. Nitabeba shoka mimi. Tukate miwili, mmoja ukiharibika mwingine uwepo, na safari hii usikaushwe mbio mbio. "Ukae kwa mama yako mpaka mwezi wa saba," akasema, "halafu ndio tuushike."

Mwezi wa saba. Mvua zinaisha wa tano.

Nilimtazama Mama kuona kama naye amehesabu. Alikuwa amehesabu. Akaingia jikoni haraka, na nikasikia anapanga vyungu ambavyo havikuhitaji kupangwa.

Mimi nilitaka kusema, basi Baba umebaki, si ndiyo? Nilikuwa tayari na jibu lake, nililiona, lilikuwa pale wazi kama mchana. Nilikuwa karibu kumsemea. Nikajizuia. Nikapiga magoti vizuri, nikafuta pua kwa kanga.

"Baba, naomba nikuulize. Utakaa na sisi?"

Hakuharakisha. Aliangalia uwanja, akaangalia barabara ya Bunda, akaangalia kile kipande kilichokuwa kimelala kwenye tope. Akajinyoosha kitini kama mtu aliyeitwa mkutanoni. Kisha akasema kwa sauti kubwa, ya kusikiwa na jirani wa kulia na wa kushoto:

"Ndiyo."

Giza linaingia, mistari siioni vizuri. Kesho, kabla sijachota maji, nitakwenda barazani nimuulize kama anataka uji au chai. Anakunywa chai kila siku ya Mungu. Nitamuuliza.